Transfoma Hii Inabeba Wati Ngapi? Iulize kwa Rula, Mita na Saa

Nenda Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, mwambie muuzaji wa vipuri unatafuta transfoma ya amplifaya. Atainama chini ya meza atoe moja nzito, ina vumbi, haina lebo. "Hii wati mia tatu, kaka." Muulize kajuaje. Atasema ilitoka kwenye sabufa kubwa, au kwenye UPS ya ofisi, au atakuwekea tu mkononi uusikie uzito wake. Kwa taarifa yako, hilo jibu la uzito ndilo lenye sayansi zaidi kati ya yote matatu. Tutalifikia.

Makala hii ni yako wewe unayejiundia amplifaya nyumbani kwa transfoma usiyojua ilikotoka. Unataka kujua kitu kimoja: je, itahimili mzigo wako usiku kucha bila kuungua? Jibu lipo, na huhitaji maabara kulipata. Unahitaji rula, mita ya kawaida ya fundi, na saa. Hasa saa.

Transfoma haihesabu wati

Tuanze na neno "wati", maana hapo ndipo wengi hupotea. Transfoma haina mahali ambapo wati zikizidi kitu kinakatika, kama kamba inavyokatika ukiizidishia mzigo. Ukiiomba transfoma ya wati 100 itoe 150, itatoa. Volti zitashuka kidogo, itanguruma kidogo, na muziki utaendelea kama kawaida. Kinachobadilika ni joto, na joto halina haraka.

Joto hilo lina vyanzo viwili. Cha kwanza ni waya. Kila waya una ukinzani, na mkondo ukipita joto linazaliwa kwa kufuata mraba wa mkondo: ukiongeza mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne. Cha pili ni chuma cha katikati, vile vibati vilivyopangwa. Umeme wetu wa hezi 50 unakigeuza chuma hicho usumaku mara 100 kila sekunde, na kila mgeuko unakula nishati kidogo. Joto la chuma halijali kama muziki unapigwa au umenyamaza. Mradi swichi imewashwa, lipo.

Sasa, shaba haiyeyuki kwa joto hilo, wala chuma. Kinachokufa ni vitu vinyonge vilivyo katikati: vanishi iliyopakwa kwenye waya, karatasi kati ya tabaka na tabaka, plastiki ya bobini. Vitu hivi vina madaraja ya kimataifa. Daraja A linahimili nyuzijoto 105, daraja B 130, daraja F 155. Ukibahatika kupata transfoma yenye lebo, utaona labda imeandikwa "ta 40/B". Maana yake: imekusudiwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzijoto 40, na kihami chake ni cha daraja B. Hiyo 40 ni joto la hewa inayoizunguka transfoma yenyewe, ndani ya boksi lako. Ile hewa ya sebuleni ni habari nyingine.

Na kihami hakifi papo hapo. Mwaka 1930 mhandisi Montsinger wa General Electric alionyesha kwamba kila joto likipanda kwa nyuzijoto 8 hivi, umri wa kihami unapungua kwa nusu. Mafundi wa leo huzungusha na kusema 10. Ndiyo maana transfoma iliyozidishiwa mzigo haikufii siku ya kwanza ukajua kosa liko wapi. Inakupigia harusi mbili tatu vizuri kabisa, huku vanishi inakauka na kupasuka ndani kwa ndani. Siku moja mizunguko miwili ya waya inagusana. Hapo unakuwa umepata pete ya shaba iliyofungwa, yenye ukinzani mdogo mno, inayosukumwa na sumaku yote ya chuma. Mkondo ndani ya pete hiyo unakuwa mkubwa sana na mahali hapo panaanza kutoa moshi. Kama boksi ni la mbao na limesukumwa nyuma ya pazia, unajua mwenyewe kinachofuata.

Kupima kwa macho

Chukua rula. Kama transfoma ni ya vibati vya umbo la E na I, ile ya mraba, pima upana wa mguu wa kati, ule uliopita ndani ya bobini, kisha pima unene wa rundo la vibati. Zidisha upate eneo kwa sentimita za mraba. Gawanya kwa 1.1, halafu jibu ulizidishe kwa lenyewe. Hizo ndizo volti-ampea, VA, ambazo chuma hicho kinaweza kubeba kwa hezi 50.

Mfano: mguu una sentimita 3.2, rundo lina 3.5. Eneo ni 11.2. Gawanya kwa 1.1 unapata 10.2, na 10.2 mara 10.2 ni 104. Transfoma ya VA 100 hivi. Ukiipima kwenye mizani itacheza kwenye kilo 2. Kwa hiyo muuzaji anayeinyanyua mkononi anasoma kipimo cha kweli: chuma kingi maana yake ni sumaku nyingi, na dirisha kubwa maana yake ni nafasi ya shaba nene. Transfoma ya kilo 2 ya umbo hili haiwezi kuwa "wati mia tatu", hata aape. Ile ya umbo la tairi dogo, toroidi, hubeba zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo kanuni ya mguu wa kati haiihusu.

Lakini hapa umepima uwezo wa chuma tu. Aliyezungusha waya anaweza kukudhulumu. Anaweza kuacha dirisha nusu tupu, au akatumia alumini badala ya shaba. Kwaruza ncha ya waya mahali ulipochomelewa: ukiona weupe wa fedha badala ya wekundu, ukinzani wake ni mara 1.6 ya shaba ya unene huohuo, na joto linapanda kwa kiwango hichohicho.

Kuna aina mbili tatu za kukwepa au kutilia shaka. Transfoma ya UPS ndogo imeundwa kufanya kazi nzito kwa dakika chache, mpaka uzime kompyuta yako. Namba iliyoandikwa kwenye UPS ni ya hizo dakika chache. Usiitegemee kwa sherehe ya saa sita. Transfoma iliyoundwa kwa soko la Marekani peke yake, hezi 60, ina chuma kilichopimwa kwa umeme wa huko. Hata ikiwa na waya mbili za volti 120 ukaziunga mfululizo, kwenye hezi 50 usumaku ndani ya chuma unapanda kwa asilimia 20, chuma kinashiba, na inaanza kuchemka bila mzigo wowote. Kipimo chake ni rahisi: iwashe ikiwa tupu, kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyoungwa mfululizo. Balbu ikibaki giza, itoe, uiache transfoma peke yake kwa saa mbili ukiwa karibu. Ikikufanya uondoe mkono bila hata kubeba kitu, irudishe ulikoitoa. Na ile ya maikrowevu usiiguse kabisa. Upande wake wa pili hutoa volti zaidi ya 2,000, na watu wamekufa nayo.

Amplifaya inadai kiasi gani?

Tuchukue amplifaya ya stirio, spika za ohmu 8, na transfoma yetu ya kilo 2 iliyozungushwa 24-0-24. Baada ya daraja la dayodi na kapasita, ukiwa na mzigo, utapata kama volti 30 za chanya na 30 za hasi. Bila mzigo zitakuwa zaidi, zinakaribia 36, na ndizo za kuzingatia unaponunua kapasita. Transista za mwisho haziwezi kufika ukingoni kabisa, zinapoteza volti kama 3. Basi kilele cha sauti ni volti 27.

Nguvu ya kila chaneli ni mraba wa 27 ugawanye kwa mara mbili ya 8, yaani wati 45. Kilele cha mkondo ni 27 kwa 8, ampea 3.4. Kwa amplifaya ya kawaida ya daraja AB, wastani unaotoka kila upande wa volti ni kilele hicho ugawanye kwa 3.14, yaani ampea 1.07. Chaneli mbili: 2.15. Zidisha kwa volti 60 zote unapata wati 129. Spika zimepata 90, na zile 39 zimekwenda kwenye bati la kupozea.

Wengi huishia hapo, wananunua transfoma ya 130. Kumbe bado.

Fikiria tangi la maji la juu ya nyumba. Kapasita ni tangi hilo, na transfoma ni pampu dhaifu inayoweza kusukuma maji pale tu msukumo wake ukizidi kimo cha maji yaliyomo. Wimbi la umeme linazidi volti za kapasita kwa kitambo kifupi tu, karibu na kilele. Kwa hiyo mkondo hauingii taratibu, unaingia kwa mafungu mazito. Na waya unachukia mafungu. Ampea 1 mfululizo inatoa joto la 1. Ampea 4 kwa robo ya muda ina wastani uleule wa 1, lakini joto ni 16 mara robo, yaani 4! Katika amplifaya halisi, mkondo ambao waya "unausikia" ni kama mara 1.6 hadi 1.8 ya ule unaoupima baada ya kapasita. Tushike 1.7. Basi 2.15 inakuwa 3.65, na mara volti 48 za transfoma ni VA 175.

Hiyo ni kwa mluzi wa sauti moja uliofunguliwa mpaka mwisho, na hakuna anayesikiliza mluzi. Muziki una vilele na mabonde. Vilele vikigusa ukingo wa amplifaya, wastani wa nguvu ya muziki wa kawaida huwa karibu moja ya nane ya ule wa mluzi. Taarabu yenye nafasi kati ya ala na ala inakaa hapo au chini zaidi. Singeli iliyobanwa studio, besi imejazwa, na MC kazungusha kitufe mpaka kimegoma, inaweza kufika theluthi. Theluthi hiyo haikutoka hewani. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kutangaza wati za amplifaya ilitaka kifaa kiendeshwe saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake kabla ya kupimwa, na watengenezaji waliilalamikia kweli kweli, kwa sababu katika daraja AB theluthi iko karibu na mahali ambapo transista zinachemka kuliko popote.

Angalia sasa jambo ambalo si dhahiri. Nguvu ikishuka mara nane, mkondo haushuki mara nane. Nguvu inafuata mraba, kwa hiyo mkondo unashuka mara 2.8 tu. Ukiongeza na ule mdogo ambao amplifaya inaula ikiwa kimya, theluthi inataka VA 110 na moja ya nane inataka 65. Transfoma ileile, kitufe kilekile: 175, 110 au 65, kutegemea nani anapiga muziki.

Joto linakwenda wapi, na kwa haraka gani

Hapa tunahitaji ukinzani wa waya. Upande wa ukutani, mita ya kawaida inatosha: tuseme umepata ohmu 16. Upande wa volti ndogo ukinzani ni mdogo mno kwa mita hiyo. Tumia ujanja wa balbu: unga betri ya gari, balbu ya volti 12 ya indiketa, na waya wa transfoma kwa mfululizo. Pima ampea zinazopita, pima volti kwenye ncha za waya, gawanya. Tuseme ncha hadi ncha umepata 0.9. Lakini sikiliza: wakati wa kukata mkondo wa betri, upande wa ukutani hurusha volti kali. Usiwe umeushika.

Ili kujumlisha pande mbili, gawanya zile 16 kwa mraba wa uwiano wa volti bila mzigo, hapa 230 kwa 52. Unapata 0.82. Jumla ni ohmu 1.72. Kwa singeli ya theluthi, mkondo ni ampea 2.3. Mraba wake mara 1.72 ni wati 9, na kwa kuwa shaba ya moto ina ukinzani zaidi, sema 11. Ongeza wati 4 za chuma: 15. Kwa muziki tulivu jumla haifiki 8. Kwa mluzi ni kama 34.

Wati hizo lazima zitoke kupitia ngozi ya transfoma. Kwa hewa iliyotulia, kila sentimita 100 za mraba hutoa kama wati 1 kwa kila nyuzijoto 10 za tofauti na hewa. Transfoma yetu ina ngozi ya kama sentimita 400, yaani wati 4 kwa kila nyuzijoto 10. Basi wati 15 zitaipandisha nyuzijoto 38 juu ya hewa. Sasa hewa gani? Dar mwezi wa pili, nje ni 32. Ndani ya boksi lenye bati la kupozea linalochemka, 45 ni kawaida. Nje ya transfoma itakuwa 83, na ndani ya waya ongeza 10 hadi 15: tuko 95, chini kidogo ya daraja A. Muziki tulivu unaishia kwenye 75 au pungufu. Mluzi unapita 140. Haya ni makadirio, yakosee kwa asilimia 20 huku na kule, lakini angalia yalivyoachana.

Na saa? Kilo 2 za chuma na shaba zinahitaji kama juli 860 kupanda nyuzijoto moja. Gawanya kwa wati 0.4 zinazotoka kwa kila nyuzijoto, unapata sekunde 2,150, dakika 36. Hicho ndicho kipimo cha uvivu wa transfoma hii. Baada ya dakika 10 imepanda robo tu ya itakakofika. Baada ya saa moja, asilimia 80. Baada ya saa mbili ndipo imekaribia kutulia. Kwa hiyo fundi anayeiwasha mezani, anapiga nyimbo tatu, anaigusa na kusema "iko poa", amegusa robo ya jibu. Hata ile ya mluzi, inayoelekea kuungua, baada ya nyimbo tatu ni vuguvugu tu.

Pima bila kufungua boksi

Shaba yenyewe ni kipimajoto. Asubuhi, amplifaya ikiwa baridi, chomoa plugi, weka swichi upande wa kuwaka, pima ukinzani kwenye pini mbili za plugi. Umeusoma waya wa upande wa ukutani bila kulegeza skrubu hata moja, mradi hujaunga kifaa kingine hapo katikati. Tuseme ohmu 16.0, chumba kikiwa nyuzijoto 30. Piga muziki wako mzito kwa saa mbili, kwa sauti utakayotumia kweli. Chomoa, pima ndani ya dakika moja. Tuseme 19.4.

Gawanya 19.4 kwa 16.0, zidisha kwa 264.5, yaani 234.5 ongeza zile nyuzijoto 30 za asubuhi. Kisha toa 234.5. Jibu ni 86, na hilo ni joto la wastani la waya wenyewe, huko ndani mkono wako usikofika. Ongeza 10 kwa ajili ya sehemu iliyo moto kuliko wastani. Ikiwa hujui daraja la kihami, chukulia ni A na usikubali kupita 105. Kiganja hakifai kwa kazi hii: nyuzijoto 60 zinakufanya uondoe mkono kwa sekunde chache, na kwa transfoma 60 ni afya njema.

Ukikuta umezidi, toboa boksi chini na juu ili hewa ipite, na usiibanie transfoma ubavuni mwa bati la kupozea. Hewa ya ndani ikishuka nyuzijoto 10, waya nao unashuka karibu 10, bure kabisa. Bado imezidi? Transfoma ni ndogo, tafuta nyingine.

Usitegemee fyuzi ya kawaida. VA 175 kwenye volti 230 ni ampea 0.76 tu, na fyuzi ya ampea 1 itaitazama usiku kucha bila kushtuka. Fyuzi ni ya shoti, haioni joto. Inayoliona ni fyuzi ya joto, kitu kidogo cha mfano wa kapsuli kinachofichwa chini ya karatasi ya transfoma nyingi za kiwandani, upande wa ukutani, kwa kawaida cha nyuzijoto 115 au 130. Kikikatika, transfoma inaonekana imekufa, na mafundi wengine wanakiruka kwa kipande cha waya ili ifufuke. Ikifufuliwa hivyo, haina tena kitu cha kuizima. Nunua kingine cha namba ileile, ukibane mahali palepale juu ya waya, na miguu yake uiunge kwa kuibana. Ukiichomelea kwa risasi, joto la chuma cha kuchomelea litakikata kabla hujawasha.